Kuulizwa Kabla ya Kusaidiwa

Injili ya Marko inatusimulia habari za Bartimayo, kipofu aliyeketi kando ya njia huko Yeriko akiomba. Alipopaza sauti, watu wengi walimkemea anyamaze. Yesu alisimama, akaagiza aitwe, akamuuliza anataka atendewe nini. Haja yake ilionekana wazi, lakini Bwana alimpa nafasi aiseme mwenyewe. Historia ya mikoa yetu ya Shinyanga na Geita inafaa kupimwa kwa kipimo hicho.

Katika miaka ya 2000, ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa Kanda ya Ziwa kwa imani potofu kwamba viungo vyao huleta bahati machimboni na ziwani. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Machi 2009 Serikali iliitisha kura za siri, wananchi wakaandika majina ya waliowashuku. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana mwenye ualbino wilayani Bukombe, ambayo leo imo mkoani Geita. Watoto wengi walipelekwa shule ya Buhangija, Shinyanga, wapate usalama.

Ulinzi huo ulihitajika, nasi tunamshukuru Mungu kwa kila aliyepona. Hata hivyo, mtoto alilindwa kwa kutenganishwa na mama yake, na kijiji alichotoka kikaendelea na mikutano yake bila sauti yake wala ya wazazi wake. Ukuta humlinda mtu akiwa ndani. Akitoka, anahitaji majirani waliozoea kumsikia.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilifungua mlango mwingine. Iliweka Baraza la Ushauri la Taifa pamoja na kamati zinazoshuka hadi vijijini na mitaani. Mwaka mmoja kabla, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaotaka serikali zishauriane na watu wenye ulemavu na vyama vyao katika mambo yanayowahusu. Tena, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea.

Lakini sheria haimshiki mtu mkono. Mkutano ukitangazwa kwa kipaza sauti tu, kiziwi hana habari. Ukifanyika juani saa saba mchana, mwenye ualbino anaungua. Ukifanyika kwenye ofisi yenye ngazi, mwenye kiti cha magurudumu anabaki nje. Kisha muhtasari unaandikwa kwamba wananchi walihudhuria na kuridhia.

Hapo ndipo imani yetu inapopata kazi. Jumuiya zetu zinaijua kila nyumba. Tunaweza kupeleka taarifa mlangoni, kutoa ukumbi wenye kivuli, kumtafuta mkalimani wa lugha ya alama, kumsindikiza jirani mkutanoni. Naye akisimama kusema, tukae kimya tumsikilize mpaka amalize.

Watu wa Yeriko hawakumpiga Bartimayo, walimnyamazisha tu. Lakini laiti Bwana asingesimama, kunyamazishwa huko kungemwacha gizani maisha yake yote. Basi kabla hatujachanga na kuamua kwa niaba ya wenzetu, tuwaulize.