Kanuni Iliyotoka Misri

Katika miji mikubwa ya Ulaya yako majumba yaliyojengwa kwa ajili ya opera, yaani mchezo wa jukwaani ambao wachezaji wake hawasemi maneno yao, bali huyaimba. Mbele ya wapigaji husimama mtu mmoja mwenye kijiti mkononi. Yeye hapigi ala yo yote, lakini wote humtazama yeye ili wasitangulizane wala wasipotezane. Desturi hiyo ilifika Afrika pia. Mji wa Cairo katika nchi ya Misri ulipata jumba la opera mwaka 1869, na opera ya Verdi iitwayo Aida ilichezwa humo mara ya kwanza mwaka 1871.

Hapa Unguja hatukuwa na jumba la namna hiyo. Lakini yuko mtu wa kwetu aliyekwenda Cairo kutafuta elimu ya muziki, naye ndiye tutakayemweleza.

Seyyid Barghash bin Said alitawala tangu mwaka 1870 hata 1888. Ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na ndiye aliyewaletea watu wa mjini maji ya bomba. Twasimuliwa kwamba muziki wa Misri ulimpendeza mno, akamchagua kijana mmoja, jina lake Mohamed bin Ibrahim, akampeleka Cairo ajifunze kupiga kanuni.

Kanuni ni ala ya mbao, bapa, yenye nyuzi zaidi ya 70, zilizowambwa tatu tatu kwa kila sauti. Mpigaji huiweka mapajani, akazigusa nyuzi kwa kucha mbili za kuvaa, zilizoshikizwa kwa pete katika vidole vyake vya shahada. Kwa kuwa nyuzi zake hutengenezwa kabla ya kuanza, wapigaji wa udi na fidla huifuata sauti yake. Basi jina lake laifaa sana, kwani kanuni ni sheria. Kwetu kiongozi wa wapigaji hakusimama mbele na kijiti. Aliketi kati ya wenzake, naye akipiga pamoja nao.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mohamed bin Ibrahim alirejea Unguja, akapiga mbele ya Seyyid. Angaliweza kuificha elimu yake, maana mtu aliye peke yake katika kazi hana mshindani, na mfalme hana budi kumtunza. Yeye hakufanya hivyo; aliwafundisha wengine, hata wakawako wapigaji wa kutosha kulicheza taarabu la jumba la mfalme.

Elimu hiyo haikukaa ndani ya jumba. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha chama, wakakiita Ikhwani Safaa, maana yake ndugu wenye nyoyo safi, wakapata ala kutoka Misri. Nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu, na wengi waliosikia walipendezwa na sauti pasipo kuyajua maneno.

Mlango wa mwisho ulifunguliwa na mwanamke. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, wazazi wake wakiwa watumwa, naye alifinyanga vyungu na kuvichukua mjini kuviuza. Alipohamia mjini, karibu na mwaka 1911, alifundishwa uimbaji na mtu wa Ikhwani Safaa. Yeye akaimba taarabu kwa Kiswahili, hata mchukuzi wa bandarini akafahamu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wapigaji wake, nyimbo zao zikatiwa katika santuri, zikasikika pwani yote. Alifariki mwaka 1950.

Tulio walimu twaona fundisho hapa. Jina la Siti lajulikana kwa watoto wa shule, bali la Mohamed bin Ibrahim wachache walijua. Si ajabu, ndiyo kawaida ya mwalimu. Lakini tupime umbali uliokwenda elimu ile. Ilinunuliwa kwa mali ya mfalme ili imfurahishe mfalme, na kabla ya miaka hamsini kupita tangu Seyyid Barghash kufa, ilikuwa imefika kinywani mwa mwuza vyungu wa Fumba. Kama mtu mmoja angalikataa kufundisha, ingalizikwa pamoja naye.