Si Upendeleo, ni Upogo

Rasimu ya istilahi za uandishi wa habari iliyonifikia hapa Mikumi imeng'ang'ania "upendeleo" kama tafsiri ya bias, pale ambapo niliomba, kwa barua na kwa hoja, liwekwe neno upogo. Niliambiwa upogo ni neno la kizamani. Barua yangu ya pili haikujibiwa, kwa hiyo naijibu hadharani kamati iliyoitunga rasimu hiyo.

Upendeleo limezaliwa na penda: penda, pendea, pendelea. Kiambishi cha kutendea kimeingia mara mbili, na kila kinapoingia kinadai mtu wa kutendewa. Anayependelea lazima awe na anayependelewa, kama meneja na mtoto wa shangazi yake. Sasa itazame redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Kigali mwaka 1993, ikawaita Watutsi mende na kuendelea hivyo mauaji ya kimbari yakitendeka. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani Nahimana na Barayagwiza, waasisi wa redio hiyo, pamoja na Ngeze wa gazeti la Kangura. Nani atathubutu kusema kosa lao lilikuwa upendeleo?

Wapo wanaotetea "uegemeo". Hao wamekaribia, ila hawajafika, maana kuegemea si kosa. Mgonjwa huegemea ukuta apate nguvu. Wanaoandika "bayasi" sina la kuwaambia.

Pogo ni kielezi cha siku nyingi: kwenda pogo ni kwenda upande. Upogo una maana mbili, kukaa upande na makengeza, na zote mbili tunazihitaji. Ya kwanza inaeleza habari ilivyopangwa, ya pili inaeleza jicho lililoitazama. Lori lililopakiwa pogo laweza kuwa na mzigo halali mtupu, kila gunia na risiti yake, na bado likapinduka kwenye kona za Kitonga. Habari nayo yaweza kuwa kweli tupu, neno kwa neno, ikapeleka watu vitani.

Nasema haya nikiishi wilaya ya Kilosa. Tarehe 8 Desemba 2000, wakulima 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni. Uovu ule haupunguzwi na hoja yoyote, wala sijaribu kuupunguza. Lakini tazama jinsi mgogoro wetu wa wakulima na wafugaji unavyoandikwa mwaka hata mwaka. "Wafugaji wavamia mashamba": mtenda yupo, tena yuko mbele. "Ng'ombe wakamatwa": aliyewakamata ni nani? Kauli ya kutendwa imemmeza. Faini "ikalipwa"; aliyeipokea bila stakabadhi hayumo kwenye sentensi, na pengine ndiye chanzo cha damu. Wafugaji Waparakuyo waliokuwa Kilosa kabla ya uhuru, wenye vijiji vyao kama Twatwatwa, wanaitwa wavamizi sawa na aliyefika juzi.

Na lipo jina Wamang'ati. Magazeti mengi hulichapa wafugaji Wabarbaig wanapotajwa, kana kwamba ni jina la kabila tu kama Wakaguru au Wasagara. Ni neno la Kimaasai, na maana yake ni adui. Mhariri aliyeketi Dar es Salaam anachapa "adui" kwenye kichwa cha habari, kisha anaandika chini yake kwamba pande zote zitulie. Hampendelei mtu. Hana ndugu Kilosa. Neno upendeleo linamwachia aende zake, upogo linamshika. Serikali ilipoendesha operesheni ya kuondoa mifugo Kilosa mwaka 2009, msomaji alikuwa amekwisha kufundishwa kwa miaka nani mgeni na nani mwenyeji. Kazi hiyo haikufanywa na uongo. Ilifanywa na mpangilio wa maneno, na wanaotunga orodha za istilahi wangekuwa wa kwanza kuliona hilo.

Kuhusu uzamani: ikulu lilikuwa neno la Kinyamwezi la makao ya mtemi kabla halijapewa jumba la rais la Magogoni, na hakuna aliyelikataa kwa umri wake. Neno la kale lenye kazi mpya ni hazina. Kulifukia ili kuweka neno linalokosea ni uvivu, na uvivu wa kamati hulipwa na wasomaji.

Matumizi hayana ugumu: upogo wa habari, habari pogo, kuandika pogo; kinyume chake ni unyoofu.