Daftari la duka linapohamia kwenye wingu: Mpango kwanza, safari baadaye

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika barabara ya River Road jijini Nairobi msemo huo ungali na uzito ule ule, ila daftari lenyewe limebadilika sura.

Katika maduka ya jumla, maduka ya eksibisheni, afisi za kupiga chapa na zile za kukatia tiketi za mabasi na kupokea vifurushi, daftari siku hizi aghalabu ni tarakilishi moja iliyowekwa nyuma ya kaunta. Humo mna bei za bidhaa, hesabu ya mali iliyo ghalani, ankara za miaka kadhaa na madeni ya wateja wanaosafirishiwa mizigo hadi Kisii, Meru au Garissa.

Tarakilishi hiyo ikiibwa, ikiungua au ikiharibika, bidhaa zitabaki kwenye rafu lakini mwenye duka hatajua ni nani anayemdai wala ni nani anayedaiwa. Mteja mwaminifu atalipa, na asiye mwaminifu atauliza ushahidi uko wapi.

Hatari hizo si za kubuniwa. Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Juni 25, 2025, siku ya maandamano, maduka kadhaa katikati mwa jiji yalivunjwa na kuporwa. Katika hali kama hizo, anayehifadhi hesabu zake zote mahali pamoja huwa ameziweka rehani.

Ndiyo maana biashara nyingi, kubwa kwa ndogo, zinafikiria kuhamishia programu na data zao kwenye kile kinachoitwa wingu. Hata hivyo, kuhama bila mpango kwaweza kuleta hasara ile ile ambayo mfanyabiashara alikuwa akiikimbia.

Wingu ni nini?

Jina hilo huwapotosha wengi, kwani hakuna kinachopaa angani. Data huondoka kwenye tarakilishi ya duka na kuhifadhiwa katika seva za kampuni nyingine, ndani ya jengo lenye ulinzi, jenereta na mitambo ya kupoza joto. Mwenye data huifikia kwa njia ya intaneti, na mara nyingi hulipa kadiri anavyotumia, mfano wa mita ya stima.

Huduma hiyo ina sura mbili kuu. Ya kwanza ni kukodi programu iliyo tayari, kama vile ya uhasibu au ya barua pepe, ambapo mtoaji wa huduma hushughulikia mitambo yote. Ya pili ni kukodi seva tupu, kisha kampuni ikaweka humo programu zake yenyewe na kuzitunza. Duka lisilo na fundi wa kudumu hufaidika zaidi na ile ya kwanza.

Wengi wa River Road tayari wameanza safari hii bila kuitambua. Mwaka 2023 Mamlaka ya Ushuru nchini (KRA) ilizindua mfumo wa ankara za kielektroniki, eTIMS. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyoambatana na ankara ya mfumo huo haiondolewi katika hesabu ya kodi ya mapato, isipokuwa zile zilizosamehewa na sheria. Kwa hivyo sehemu ya daftari la duka tayari iko nje ya duka.

Funzo la M-Pesa

Kielelezo cha karibu cha uhamaji wa mitambo ni huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom Machi 2007. Kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani, ingawa mama mboga aliyelipwa kwa simu hakuwa na haja ya kulijua hilo. Mnamo Aprili 2015 mitambo hiyo ilihamishiwa Kenya.

Septemba 2025 kampuni hiyo ilihamia tena kwenye mfumo mpya. Wateja walitangaziwa mapema kwamba huduma ingesimama kwa saa chache usiku wa manane.

Kuna mafunzo mawili hapa. Kwanza, mahali data ilipo si pa milele. Inaweza kwenda ng'ambo na kurudi, mradi mwenyewe ana uwezo wa kuihamisha. Pili, hata kampuni kubwa huchagua saa ya utulivu na kuwaarifu wateja wake.

Hatua ya kwanza: Orodha

Kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote wa huduma, kampuni yapaswa kuandika kila programu inayotumia, data iliyomo, anayeitumia na hasara itakayotokea programu hiyo ikikosekana kwa saa moja, siku moja au wiki nzima. Orodha hiyo huchosha, lakini ndiyo msingi wa mengine yote.

Hapo ndipo mambo yaliyofichika hujitokeza. Huenda programu ya mauzo inategemea printa ya risiti ambayo haifanyi kazi pasipo tarakilishi ile ya zamani. Huenda leseni ya programu ya uhasibu imefungamanishwa na mashine moja tu, au haikuwahi kununuliwa. Na huenda orodha kamili ya wadeni imo katika simu ya karani.

Baada ya kuorodhesha, kila kitu huwekwa katika fungu lake: cha kuachwa kabisa, cha kubaki dukani, cha kubadilishwa kwa programu ya kukodi, na cha kuhamishwa kama kilivyo. Si lazima kila kitu kihame. Picha za matangazo ya mwaka 2012 zaweza kubaki kwenye diski, ilhali madeni ya mwezi huu hayafai kubaki.

Hatua ya pili: Sheria

Daftari la wateja lina majina, nambari za simu na pengine nambari za vitambulisho. Hizo ni data za kibinafsi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamwajibisha anayezikusanya hata kama amemkabidhi mtu mwingine kuzihifadhi.

Sheria hiyo inataka pawe na mkataba wa maandishi kati ya mwenye data na anayemhudumia. Data inapopelekwa nje ya nchi, sharti kuwe na kinga ya kutosha huko iendako au msingi mwingine unaokubalika kisheria. Ikivuja na kuwaweka wenyewe hatarini, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Faini yaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho cha chini kati ya hivyo viwili.

Kanuni zilizoanza kutumika Julai 2022 ziliwaondolea wajibu wa kujisajili wenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, isipokuwa katika sekta zilizotajwa mahsusi. Hata hivyo, kusamehewa usajili si kusamehewa wajibu wa kulinda data.

Hatua ya tatu: Njia

Wingu lisilofikika halina faida. Kenya iliunganishwa na nyaya za chini ya bahari kupitia Mombasa mwaka 2009, SEACOM na TEAMS zikiwa za mwanzo, na nyingine zikafuata. Kabla ya hapo taifa lilitegemea setilaiti, na bei ilikuwa juu.

Lakini nyaya hukatika. Februari 2012 nanga ya meli iliukata waya wa TEAMS karibu na Mombasa. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwa bara, na intaneti ikazorota katika mataifa kadhaa ya Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo.

Swali la seva ziko wapi basi si la kisheria pekee. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata jijini Cape Town mwaka 2020, na Google jijini Johannesburg mwaka 2024. Nairobi nayo ina vituo vya data ambamo kampuni huweza kukodi nafasi. Data iliyo Nairobi haihitaji kuvuka bahari ili kumfikia mtu wa River Road, ingawa huenda huduma zake zikawa chache kuliko za kampuni kubwa za kimataifa.

Duka linalouza mchana kutwa lahitaji mambo mawili zaidi: intaneti ya akiba kutoka kampuni tofauti, na programu inayoweza kurekodi mauzo mtandao ukiwa umepotea, kisha ikayapeleka unaporudi. La sivyo, mteja atahamia duka jirani mwenye duka akingali anatazama skrini.

Hatua ya nne: Gharama

Huduma nyingi za kigeni hutozwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilikaribia Sh160. Kufikia nusu ya pili ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh129. Kwa hivyo seva ya dola 100 kwa mwezi iligharimu takriban Sh16,000 wakati mmoja na Sh12,900 wakati mwingine, bila chochote kubadilika ndani yake. Kisha kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16.

Aidha, baadhi ya watoa huduma hawatozi ada ya kuingiza data lakini hutoza ya kuitoa. Mfanyabiashara aulize bei ya kutoka kabla ya kufurahia bei ya kuingia. Bajeti itenge pia fedha za mafunzo ya makarani, na za miezi ambayo mifumo miwili, wa zamani na mpya, italipiwa kwa pamoja.

Hatua ya tano: Siku ya kuhama

Kinachohamishwa kwanza kiwe kile ambacho kikikwama hakitaumiza, mathalan barua pepe au faili za zamani. Hesabu za mauzo na madeni zifuate baada ya wahusika kuzoea.

Muda nao upimwe. Gigabaiti 200 zikipita kwenye intaneti yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua takriban saa 44, karibu siku mbili mfululizo, mradi hakuna anayeitumia kwa shughuli nyingine. Anayepanga kumaliza kwa usiku mmoja atafungua duka asubuhi akiwa nusu huku, nusu kule.

Tarehe isigongane na siku ya tisa ya mwezi, makataa ya kodi ya mishahara, wala ya 20, makataa ya ripoti ya kodi ya ongezeko la thamani. Desemba, wakati River Road hufurika wanunuzi wa Krismasi, haifai kabisa.

Kwa wiki kadhaa mifumo yote miwili iendeshwe sambamba. Kila jioni jumla zilinganishwe: idadi ya wateja, jumla ya madeni, mali ghalani na nambari ya ankara ya mwisho. Zikitofautiana hata kwa shilingi, sababu itafutwe kabla ya mfumo wa zamani kuzimwa.

Hatua ya sita: Funguo na njia ya kurudi

Makosa mengi huanzia kwa swali dogo: akaunti imefunguliwa kwa jina la nani? Fundi akitumia anwani yake mwenyewe, siku atakayoondoka ataondoka na ufunguo. Akaunti iwe ya kampuni, na watu wawili wanaoaminika wawe na idhini ya kuiingia. Uthibitisho wa hatua mbili uwepo, ila usitegemee ujumbe wa simu pekee, kwa kuwa walaghai wa kubadilisha laini za simu wangaliko.

Pia, mtoaji wa huduma naye aweza kuanguka. Nchini Kenya, kampuni ya huduma za wingu iitwayo Angani ilikumbwa na mvutano wa uongozi Oktoba 2015, huduma zikakatika na wateja wakataabika, ingawa baadaye ilisimama tena. Nchini Ufaransa, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg Machi 10, 2021, na baadhi ya wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza data zao moja kwa moja.

Kwa sababu hiyo, kuhamia kwenye wingu hakuondoi haja ya nakala. Kanuni inayotumiwa na wengi ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Mkataba nao useme wazi data itarudishwa kwa muundo gani na kwa muda gani pande mbili zikiachana. Sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano, na mlipa kodi hataepuka wajibu huo kwa kusema seva ilizimwa na mtu mwingine.

Pa kuanzia

Mfanyabiashara asiyejua aanzie wapi anaweza kuanza wiki hii bila kununua chochote kikubwa. Atoe nakala ya hesabu zake, aipeleke nyumbani, kisha ajaribu kuifungua kwenye tarakilishi nyingine.

Ikifunguka na jumla ya madeni ikalingana na ile ya dukani, atakuwa amepata kinga ya kwanza na kipimo cha utayari wake wa kuhama. Isipofunguka, atakuwa amegundua tatizo hilo angali na duka, tarakilishi na muda wa kulitatua.