Kutoka Bombay Hadi Mikindani: Safari ya Siku Ngapi?

Fungueni madaftari yenu. Leo tutazungumza habari za kuvuka bahari kati ya Bombay, mji wa Bara Hindi ambao siku hizi huitwa Mumbai, na mji wetu wa Mikindani.

Ukipima moja kwa moja juu ya maji, ni kama kilomita 4,850. Lakini manahodha wa zamani hawakuhesabu safari hii kwa kilomita. Walihesabu kwa upepo.

Ninyi wa Mtawanya, Mikindani na Msimbati mnazijua pepo hizi. Kaskazi huvuma toka Desemba hivi hadi Machi, nayo ilileta vyombo kutoka Bara Hindi na Arabuni. Kusi huanza Aprili, nayo iliwarudisha wageni kwao. Mikindani iko mbali, kusini ya Kilwa. Chombo kilichochelewa kung'oa nanga kiliweza kuishiwa na kaskazi kabla hakijafika huku.

Sasa sikilizeni yaliyompata Vasco da Gama, Mreno. Mwezi wa Aprili 1498 aliondoka Malindi pamoja na rubani aliyepewa pale. (Neno rubani ni la baharini, ndege ziliazima tu.) Baada ya siku 26 alitia nanga karibu na Calicut, Bara Hindi. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi. Alitweka tanga mwezi wa Oktoba, na upepo mara ukatulia, mara ukampinga. Akakaa baharini karibu miezi mitatu. Watu wake 30 walikufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kuvimba ufizi unaoletwa na kukosa matunda na mboga. Bahari ni ile ile aliyoivuka kwa siku 26.

Mtu mwingine ni David Livingstone. Mwaka 1866 alitoka Bombay kwa meli iitwayo Thule, akafika Unguja tarehe 28 Januari, siku ya 23. Hapo akakwama akingoja meli ya kumleta kusini. Aliondoka tarehe 19 Machi. Alitaka kushuka penye mlango wa mto Ruvuma, lakini ngamia na nyati wake hawakuweza kuteremshwa pale, basi akarudi nyuma na kushuka Mikindani tarehe 24 Machi. Hesabuni: siku 23 za kwanza, siku 5 za mwisho, na katikati siku 50 za kungoja. Jumla 78.

Mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kuleta barua Unguja kila mwezi. Meli hizo hazikungoja upepo.

Na ndege je? Mwaka 2019 Shirika la Ndege la Tanzania lilianza safari za moja kwa moja kati ya Dar es Salaam na Mumbai. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni muda wa saa moja hivi angani. Wako wagonjwa wetu wanaokwenda Bara Hindi kutibiwa, na kwao kila saa ina thamani. Lakini mgonjwa wa Mtwara anaweza kulala Dar es Salaam akingoja ndege ya pili, na usiku huo mmoja ni mrefu kuliko safari yote ya angani.

Zoezi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai ni kama kilomita 4,680. Ndege ikienda kilomita 800 kwa saa, itachukua saa ngapi?