Jinsi tiara inavyoweza kuinua kamera angani

PICHA za angani hazikuanza na ndege. Mnamo 1888, Mfaransa Arthur Batut alifunga kamera kwenye tiara katika mji wa Labruguière, kusini mwa Ufaransa, akatumia utambi uliowaka polepole kufyatua kilango cha lenzi. Mwaka wa 1906, wiki chache baada ya tetemeko la Aprili 18 kuuharibu mji wa San Francisco, Mmarekani George Lawrence aliinua kwa msururu wa tiara kamera ya takriban kilo 22 hadi kimo cha mita 600 hivi. Alipata picha moja pana iliyoonyesha magofu ya mji huo hadi ufuoni.

Kamera za siku hizi ni nyepesi mno zikilinganishwa na hiyo, lakini tatizo kuu ni lile lile: tiara haitulii. Kamera ikifungwa kwenye tiara yenyewe, kila dharuba ya upepo huitikisa. Ndiyo sababu huning'inizwa kwenye kamba, mita 30 hivi chini ya tiara, ambako mtikisiko umepungua.

Kinachoning'inizwa ni msalaba wa vipande viwili vya mbao nyepesi au alumini, kila kimoja sentimita 20 hivi, wenye pete katika ncha zake nne. Uzi mmoja mwembamba lakini imara hupitishwa katika pete hizo na kwenye vituo viwili vilivyofungwa katika kamba ya tiara, vikiachana kama mita moja. Siri ya mbinu hii, aliyoieleza Mfaransa Pierre Picavet mwaka wa 1912, ni kwamba uzi huachwa uteleze. Kamba ikiinuka au ikilala, uzi hujirekebisha na msalaba hubaki sambamba na ardhi. Anayetia fundo penye pete ameiharibu kazi yote.

Chini ya msalaba hufungwa ukanda wa alumini uliokunjwa mfano wa herufi L, wenye tundu la bolti ya robo inchi, ambayo huingia katika shimo la stendi lililo chini ya kamera nyingi. Nati ziwe za aina isiyolegezwa na mtikisiko. Kamera nayo iongezewe kamba ya pili ya usalama, maana chombo kinachoanguka kutoka mita 50 chaweza kumuua mtu. Hutegwa ijipige picha yenyewe kila baada ya sekunde chache.

Tiara hutangulia angani. Ikivuta kwa utulivu dakika kadhaa, ndipo kamera hufungwa; ikiyumba, huteremshwa. Mrushaji huvaa glavu, kwani kamba inayokimbia hukata ngozi, na hujitenga na nyaya za umeme, viwanja vya ndege na mikusanyiko ya watu.