Sururu, Kliva na Mkongo Uliopita Ngara



Mnisamehe kwa ukimya. Nilichukua likizo nikaenda nyumbani Ntobeye, wilaya ya Ngara. Kwa wale ambao ramani yao ya Kagera inaishia Bukoba mjini: Ngara ndiyo ile kona inayopakana na Rwanda na Burundi. Vilima, migomba, kahawa, na baridi ya asubuhi ambayo mtu wa Dar haiamini mpaka aikute. Nimerudi na habari ya waya. Tafadhali usinikimbie.

Sisi wa mjini tukikutana tunazungumza bando. Bei ya bando, spidi ya bando, bando limeisha. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza huo waya unaoleta bando ulizikwa na nani, kwa chombo gani, na kwa nini chombo kile na si kingine. Mjomba wangu anajua. Alikuwa mmoja wa vijana waliotoka vijijini kwetu kwenda barabara kuu kuchimba mtaro wa Mkongo wa Taifa. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi, na ninachokumbuka ni kwamba alirudi na redio mpya na viganja vilivyochubuka vibaya.

Lakini nianze nyuma zaidi, maana mkoa wetu una historia ndefu na vyombo vya mawasiliano kuliko tunavyofundishwa. Juni 1915 Waingereza walipakia askari kwenye meli Kisumu, wakavuka ziwa, na tarehe 22 na 23 wakaishambulia Bukoba. Walichokuwa wanakifuata si kahawa. Walifuata kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Wakauangusha mnara, kisha wakaondoka zao. Kabla ya hapo Cecil Rhodes naye alikuwa na ndoto ya kuvuta waya wa simu toka Rasi mpaka Kairo. Waya huo ulipanda kutoka kusini ukafika Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20, ukaishia hapo hapo. Waya wa juu unataka nguzo. Nguzo za miti zililiwa na mchwa, nyaya zilikwanguliwa na tembo na twiga, na wananchi nao waliona shaba ile inafaa kwa bangili. (Mimi siwalaumu. Mtu akipitisha shaba juu ya shamba lako bila hodi, utafanyaje?)

Kisha Aprili 1994. Watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na Ngara ikajulikana dunia nzima. Waandishi na mashirika wakaja na simu za setilaiti. Mwaka 1995 Wajesuiti wa JRS wakaanzisha Radio Kwizera pale Ngara kwa ajili ya wakimbizi, na ninaona hicho ndicho chombo kilichochaguliwa kwa akili kuliko vyote vya wakati ule, kwa sababu mtu wa kambini alihitaji redio ndogo na betri tu, basi. Simu za setilaiti ziliondoka na wenyewe. Redio ikabaki.

Sasa tuje kwenye Mkongo. Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, Dar ikiwa mojawapo ya miji ulikotia nanga, na mwaka uliofuata ukaja EASSy. Mwaka huo huo wa 2009 ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulikuwa unaanza, kwa mkopo wa benki ya Exim ya China, mkandarasi akiwa kampuni ya Kichina ya CITCC, na TTCL ikapewa kuusimamia. Awamu mbili za mwanzo zilifikia kilomita 7,560 hivi. Ukitazama mchoro wake utaona mistari inayokwenda kugusa mipaka, na miwili kati ya hiyo inaishia wilayani kwetu: Rusumo upande wa Rwanda, na Kabanga upande wa Burundi. Ngara tukawa mlango wa intaneti ya nchi mbili. Ntobeye kwenyewe, tuseme ukweli, tulisikia tu kwamba imepita kule barabarani.

Kuna njia kadhaa za kuufikisha waya wa kioo mahali. Unaweza kuutundika kwenye nguzo. Unaweza kuuficha ndani ya ile nyaya ya juu kabisa kwenye minara ya umeme mkubwa, na sehemu za Mkongo wetu zilitumia nyaya za TANESCO hivyo hivyo. Au unauzika. Kuzika kuna vyombo vyake: jembe la kulimia linalovutwa na tingatinga na kulaza waya papo hapo, mashine yenye mnyororo wa meno inayokata mtaro mwembamba kama msumeno, katapila la kijiko, au binadamu mwenye sururu, mtaimbo na chepe. Jembe la tingatinga linapenda udongo laini usio na mawe. Mnyororo wa meno unavumilia zaidi, ila ukikutana na mwamba meno yanaisha, na spea iko wapi? Ngara ni vilima na mawe. Na vijana wasio na ajira ni wengi, wanalipwa kwa mita. Hesabu ikafanyika, sururu ikashinda.

Sisemi ulikuwa uchaguzi mbaya. Mtu mwenye sururu anaona bomba la maji la kijiji kabla hajalipasua, anapita katikati ya migomba bila kuing'oa yote, na fedha inabaki Ngara. Tatizo lilikuwa kwenye mita. Mtaro wa namna hiyo kwa kawaida huenda chini kati ya mita moja na mita moja na nusu. Mjomba anasema mita ya udongo laini na mita ya mawe zililipwa bei moja. "Sasa mjomba," akaniambia, "ukikuta jiwe kubwa kama ng'ombe, utalipasua siku tatu kwa hela ya mita moja?" Walilizunguka. Mtaro ukakata kona, ukapita nyuma ya jiwe, ukarudi kwenye mstari. Msimamizi akaja na fimbo ya kupimia kina, akaona kina kiko sawa, akaandika.

Kona hiyo nitairudia. Kwanza nieleze kioo chenyewe, kwa sababu bila hivyo hutaelewa kwa nini kona ni dhambi.

Mwaka 1966 Charles Kao na mwenzake George Hockham, wakiwa kwenye maabara huko Harlow, Uingereza, waliandika kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mazungumzo ya simu kwa mwanga. Walisema upotevu ukishuka chini ya desibeli 20 kwa kilomita, yaani mwanga ukibaki walau moja ya mia baada ya kilomita moja, biashara inawezekana. Kioo cha wakati huo kilikuwa kibaya mno kiasi kwamba wengi walitikisa vichwa. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani, wakauvuka mstari huo. Kioo cha leo kinapoteza desibeli 0.2 hivi kwa kilomita. Kao alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2009, mwaka ule ule SEACOM ilipotia nanga kwetu.

Uzi huo una unene wa maikromita 125, na njia yenyewe ya mwanga katikati yake ni kama maikromita 9. Unywele wako ni mnene mara kadhaa kuliko njia hiyo. Ndiyo maana waya huu hauvutwi kama kamba ya ng'ombe. Nyaya nyingi za kuzikwa zimewekewa kikomo cha kuvutwa cha nyutoni 2,700 hivi, sawa na uzito wa kilo 270. Na wakati wa kuvutwa haukunjwi kwenye duara ambalo nusu kipenyo chake kiko chini ya mara 20 ya unene wa waya. Ndiyo maana pia mafundi wengi siku hizi wanatanguliza bomba la plastiki ardhini, kisha wanausukuma waya ndani kwa upepo wa kompresa, ili nguvu isikusanyike sehemu moja.

Halafu kuna kuunganisha, na hapa ndipo vyombo vidogo vinavyowazidi umuhimu makatapila. Fundi anavua ngozi ya uzi kwa koleo lake, anaufuta kwa spiriti, kisha anaukata kwa kliva. Kliva haikati kama mkasi. Inachora mkwaruzo mdogo, uzi ukiwa umekazwa unapasuka wenyewe, na uso wake unatoka bapa kama kioo cha dirisha. Watafiti wa Bell Labs walieleza njia hiyo mwaka 1973, na mpaka leo bado inatumika. Baada ya hapo mashine inazilenga ncha mbili na kuziyeyusha kwa cheche ya umeme. Kiungo kizuri hupoteza desibeli 0.05 au chini ya hapo. Kiungo kibovu cha desibeli 1 ni sawa na kumwongezea mwanga safari ya kilomita 5. Mashine inaweza kuwa ya bei mbaya, lakini kliva ikiwa butu mnapoteza muda. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ya Watanzania wengi ikakatika au kusuasua, meli ya Léon Thévenin ilipelekwa kuzitengeneza. Kwenye meli kubwa kama ile nako kuna chumba ambamo mtu ameinama anafuta uzi kwa spiriti.

Basi, nikiwa nyumbani, mtandao ukafa. Greda lililokuwa linasafisha mfereji wa barabara lilikuwa limekwangua bomba na kuuvuta waya. Nikachukua bodaboda, mjomba akang'ang'ania tuende wote. Tukawakuta mafundi wameshaunganisha pale palipokatika, na bado kiza. Greda lilipouvuta waya ulikatika mahali pa pili, ndani ya bomba, pasipoonekana. Wakafunga OTDR, chombo kinachotuma mwanga na kusubiri urudi, kisha kinapiga hesabu ya umbali kwa muda uliotumika. Kikasema mita 340. Wakapima mita 340 kwa utepe kando ya barabara, wakachimba, wakakuta bomba zima na waya mzima.

OTDR hupima urefu wa kioo. Kona na mizunguko ya waya wa akiba uliosokotwa kwenye mashimo ya maungio, vyote vinaingia kwenye hesabu, na barabara haivijui. Mchoro waliokuwa nao mafundi ulikuwa na mstari ulionyooka.

Mjomba alikuwa amesimama pembeni muda wote bila kusema kitu. Akarudi nyuma kando ya barabara, akapanda kaukingo, akazunguka jiwe moja kubwa lililomezwa na majani. "Chimbeni hapa," akasema. Kiongozi wa mafundi akamtazama, akanitazama mimi. "Mzee amejuaje?"

"Nilichimba mimi. Kona hii ni yangu."

Hawakufika kina cha mita moja kabla ya kulikuta bomba limejikunja nyuma ya jiwe, na waya ndani yake umevunjika hapo hapo kwenye kona. Mjomba hakufurahi kama nilivyotegemea. Alichukua sururu ya mmoja wao akaanza kulichokonoa lile jiwe, akaambiwa aache, hakuacha haraka.

Wakapanua shimo, wakanyoosha njia, wakatandika turubai. Kliva yao ilikuwa imechoka. Uzi wa kwanza ulikataliwa na mashine mara tatu, fundi akageuza kisu chake upande usiotumika, wa nne ukakubali. Mashine ikasoma 0.03. Walipofika kwenye uzi wa mwisho fundi akamwita mjomba abonyeze kitufe mwenyewe. Cheche ikalia, akaona kwenye kioo cha mashine nyuzi mbili zinakuwa moja.

Akauliza mashine ile inauzwaje. Akatajiwa bei, akacheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akaomba aonyeshwe tena ile kliva, akaishika mkononi, akauliza ile nayo shilingi ngapi.