Volteji ya Prosesa: Jinsi Wacheza Gemu Walivyofungiwa Mlango

Laptopu ikichemka kama pasi ya mkaa, wacheza gemu walikuwa na dawa yake: kushusha volteji ya prosesa. Umeme ukipungua kidogo, joto linashuka, feni inatulia, na spidi inabaki ile ile.

Hilo liliwezekana kwa softiwea tu. Simu na kompyuta za kisasa zina draiva inayopandisha na kushusha kasi ya prosesa pamoja na volteji yake, ili chaji isiishe haraka. Ila kila kasi ina volteji yake ya chini kabisa. Ukiivuka, prosesa inaanza kukosea hesabu. Wengi walijua mwisho wake ni mashine kuganda tu, unaiwasha upya, maisha yanaendelea.

Kumbe kulikuwa na zaidi. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichukua simu ya Nexus 6 na kutumia draiva hiyo hiyo kuisukuma prosesa nje ya mipaka kwa muda mfupi mno. Chipu yenyewe haikuwazuia. Kosa dogo la hesabu likawafikisha kwenye ufunguo wa siri uliofichwa ndani ya TrustZone, chumba salama cha simu. Shambulio likaitwa CLKSCREW.

Desemba 2019 ikawa zamu ya Intel. Watafiti wa vyuo vya Uingereza, Austria na Ubelgiji walishusha volteji kwa kipimo, wakavuna funguo kutoka SGX, sehemu ambayo hata mwenye mamlaka yote kwenye kompyuta hatakiwi kuichungulia. Hii wakaiita Plundervolt.

Intel ikaleta marekebisho ya kufunga mlango wa volteji kupitia apdeti za BIOS. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Watu ambao hata SGX hawaijui waliapdeti laptopu zao, wakakuta mpangilio wao umekufa na joto limerudi. Na shambulio lenyewe lilimtaka mdukuzi awe tayari ameshaiteka mashine yako yote! Kwa mcheza gemu wa nyumbani, akifika hapo huna tena cha kuficha.

Lakini watafiti hawakukosea. Mpaka unaolindwa na draiva peke yake si mpaka, maana anayeiteka draiva anauhamisha atakavyo. Kufuli linatakiwa likae ndani ya chipu. Tatizo ni pale mwenye laptopu anapofungiwa bila kuulizwa.

Wewe ungechagua lipi, usalama au ubaridi? Dondosha maoni yako hapo chini.